Kiapo cha Askari

Somo: 2 Timotheo 2:1-7



Katika darasa la ubatizo kuna swali ambalo karibu kila mwalimu hulipata. Wanafunzi wamekwisha kukariri kwamba kanisa letu lina sakramenti mbili, Ubatizo na Meza ya Bwana. Kisha siku moja kijana mmoja, aghalabu yule akaaye nyuma kabisa, huinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, neno sakramenti limeandikwa wapi katika Biblia?" Mwalimu hufunua kurasa, hufunika, kisha husema tutalitazama wiki ijayo. Nalijua jambo hili kwa sababu mimi nami nimewahi kusema tutalitazama wiki ijayo.

Katika Biblia yetu ya Kiswahili hutalipata. Ni neno la Kilatini, lugha ya Warumi: sacramentum. Kabla kanisa halijalichukua, lilitumika mahakamani kwa fedha walizoweka wenye kesi, na kambini kwa kiapo cha askari. Baadaye waliotafsiri Biblia kwa Kilatini walilitumia pale Paulo anapoandika juu ya siri ya Kristo na kanisa, katika Waefeso mlango wa 5. Lakini asubuhi hii nataka twende kambini.

Jeshi la Kirumi liligawanywa katika vikosi vikubwa vilivyoitwa legio. Ndilo lile neno Legioni tunalolisoma katika Marko mlango wa 5, na kikosi kimoja kilikuwa na watu wapata 5,000. Chini yake walikuwako maakida, kama yule aliyemwendea Bwana Yesu kwa ajili ya mtumishi wake. Kwa Kilatini akida ni centurio, jina litokalo katika hesabu ya mia, ingawa kwa kawaida alisimamia watu 80 hivi. Alama ya cheo chake ilikuwa fimbo ya mzabibu, wala haikuwa fimbo ya kutembelea. Mwandishi Tacitus anasimulia habari za akida aitwaye Lucilius, ambaye askari walimbandika jina la "Lete Nyingine", kwa maana kila alipovunja fimbo mgongoni mwa mtu aliita aletewe nyingine. Walipoasi mwaka 14, walimwua. Basi kijana aliyeingia jeshini alijua anaingia mahali gani.

Aliandikwa jina, akapimwa kimo, akavikwa shingoni kipande cha madini ya risasi chenye muhuri, kilichoitwa signaculum. Ndipo kikaja kiapo. Desturi ya zamani ilikuwa hivi: mtu mmoja aliteuliwa asimame mbele ya wenzake na kuyatamka maneno yote ya kiapo, kwamba atamfuata jemadari wake na kuzitii amri zake. Wengine hawakuyarudia maneno yale. Walipita mmoja mmoja, na kila mtu alisema maneno matatu tu: idem in me. Maana yake, na mimi vivyo hivyo.

Tazameni jambo hilo. Hawakuitikia kwa pamoja kama umati wa watu uwanjani. Mwenzako alikwisha kupita, na wa nyuma yako anangoja, lakini dakika ile kinywa kilikuwa chako peke yako. Ukisha kusema maneno yale matatu, hukuwa tena mtu wa kurudi nyumbani ukitaka. Katika siku za makaisari mtu alitumika miaka 20, 25, na aliyetoroka alikuwa hatarini kuuawa. Tena kila mwaka, mwanzo wa Januari, kiapo kilirudiwa, askari asije akasema amekisahau.

Je, sisi hatufanyi vivyo hivyo? Mchungaji husoma maswali marefu kutoka katika kitabu cha ibada, na anayebatizwa hujibu kwa maneno machache, mara nyingine kwa sauti ndogo hata walio nyuma hawasikii. Kisha picha hupigwa, na chai hunywewa.

Aliyeuona mfano huo mapema alikuwa Mwafrika wa kaskazini, Tertullianus wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Tunisia. Karibu mwaka 197 aliwaandikia Wakristo waliokuwa gerezani wakingoja hukumu. Akawakumbusha kwamba waliitwa katika jeshi la Mungu aliye hai siku ile walipoyaitikia maneno ya kiapo chao. Nalo neno alilotumia ni hili la askari.

Karibu miaka 100 baadaye, tarehe 12 Machi mwaka 295, kijana mmoja aliletwa mbele ya liwali Dion katika mji wa Theveste, ambao leo ni Tébessa katika Algeria. Jina lake Maximilianus, umri wake miaka 21. Aliletwa kuandikwa jeshini, na baba yake Victor alikuwapo. Baba alikuwa amekwisha kumtengenezea vazi jipya la askari. Kijana akasema hawezi kutumika, kwa kuwa ni Mkristo. Liwali akaamuru apimwe hata hivyo, akapimwa. Akaamuru avikwe ule muhuri wa risasi. Kijana akakataa, akasema amekwisha kuwa na alama ya Kristo, na wakimvika ile nyingine ataivunja. Liwali akamgeukia baba amshauri mwanawe. Victor akajibu kwamba mwana anajua lililo jema kwake. Maximilianus akakatwa kichwa kwa upanga. Kabla hajafa alimwomba baba yake ampe yule askari mwenye upanga lile vazi jipya.

Msinielewe vibaya. Sisemi askari na polisi wetu wavue sare zao. Kornelio alikuwa akida, akabatizwa, wala hatusomi popote kwamba Petro alimwambia aache kazi. Liwali mwenyewe alimweleza Maximilianus kwamba wako Wakristo katika walinzi wa makaisari, na kijana akajibu kwamba hao wanajua liwapasalo. Hakumhukumu mtu. Aliona tu kwamba kinywa chake kilikwisha kusema, na hakina nafasi ya kiapo kingine.

Wazee mnaonisikiliza hamhitaji kufundishwa uzito wa neno hili. Katika nchi yetu, katika miaka ya hatari iliyofuata mwaka 1952, na tena mwaka 1969, walikuwako Wakristo walioitwa usiku waape, wakajibu kwamba wamekwisha kula kiapo mezani pa Bwana. Wengine walipigwa, wengine hawakurudi. Baadhi ya watoto wao wako makanisani mwetu hata leo.

Lakini walio wengi miongoni mwetu hatutaulizwa mbele ya upanga. Tutaulizwa kwa njia nyingine, na juu ya hiyo ninaye shahidi asiyekuwa Mkristo.

Karibu mwaka 112, Plinius, liwali wa Kirumi katika Bithinia, upande wa kaskazini wa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan habari za Wakristo. Hakuwapenda. Alikuwa amewatesa wajakazi wawili, walioitwa na wenzao mashemasi, ili apate siri yao. Akategemea kugundua jambo baya. Alichoandika ni kwamba watu hao hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kama Mungu, kisha hujifunga kwa sacramentum, neno lile lile. Si kiapo cha kutenda uovu, bali cha kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokana amana mwenyewe anapokuja kuitaka.

Hilo la mwisho ndilo linalonichoma. Liwali alitazamia njama dhidi ya ufalme, akakuta watu wameapa kurudisha fedha walizowekewa.

Nilipokuwa kijana nilikuwa mweka hazina wa vijana kanisani, na watu waliniamini. Mama mmoja mjane aliniletea shilingi 40, akaniomba nimwekee mpaka shule zifunguliwe, zikawe karo ya mjukuu wake, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na kufuli. Nikaziweka. Kisha nikapungukiwa, nikazikopa, bila kumwambia aliyenipa. Nilijiambia nitazirudisha kabla hajazitaka. Mama akaja mapema kuliko nilivyohesabu. Nikamwambia ziko, arudi Ijumaa. Ijumaa nikamwambia arudi Jumatatu. Sikusema kwamba hakunipa. Lakini niulizeni, kuna tofauti gani? Shule zilifunguliwa, na yule mtoto akafukuzwa kwa ajili ya karo, akakaa nyumbani majuma mawili. Jumapili zile mbili zote niliketi kiti cha mbele, na katika moja niliipokea Meza ya Bwana.

Mwishowe niliuza baiskeli yangu. Nikaenda kwake jioni kwa miguu, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakunikemea. Alizipokea zile fedha, akazihesabu mara mbili, akazifunga katika pembe ya leso yake. Kisha akanivutia kigoda, akasema, "Keti, mwanangu. Utuombee kabla hujaenda." Nikaketi, nikainamisha kichwa, wala sikuweza kusema neno, hata mama yule akaomba yeye mwenyewe.