Funga Mlango, na Ukiibiwa Usinyamaze

Mazungumzo kwa familia zilizowasili Marekani hivi karibuni

Leo tuzungumze juu ya wezi wa majumbani. Sisemi haya ili mkose usingizi. Nayasema kwa sababu mimi mwenyewe niliibiwa tukiwa na miezi mitatu tu katika nchi hii, na hasara iliyoniuma zaidi sikuletewa na mwizi. Niliileta mwenyewe kwa kunyamaza.

Tulikuwa tunakaa apatimenti ya chini. Jumapili moja tulikwenda kusali, familia nzima. Dirisha la jikoni tuliliacha wazi kidogo ili harufu ya chakula itoke. Tuliporudi, televisheni hakuna, simu ya mtoto hakuna. Na ule mfuko wa IOM mnaoujua nyote, tuliokuja nao kwenye ndege, ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Nao hakuna. Nadhani mwizi aliuchukua apate kubebea vitu vyake. Kwake ulikuwa mfuko tu. Kwangu yalikuwa maisha ya watu saba: karatasi za I-94, kadi za Social Security, vyeti vya chanjo.

Sikumpigia mtu simu. Tulikotoka, wengi wetu tulijifunza kwamba ukimwita polisi unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Tena niliogopa kuulizwa kwa nini nimepoteza karatasi za serikali. Nilikaa kimya wiki tatu. Kufikia hapo, mtu alikuwa amekwisha kutumia namba ya mke wangu kuomba mkopo.

Basi nawaomba mshike mambo matatu.

La kwanza, funga. Mwizi hutafuta njia rahisi: mlango usiofungwa, dirisha lililoachwa wazi, ufunguo uliofichwa chini ya zulia la mlangoni. Funga hata kama unakwenda kutupa taka tu au kufua nguo. Usiridhike na kitasa peke yake. Zungusha na lile komeo la chuma linaloingia ndani ya fremu. Kama una mlango wa kioo unaoteleza, kata mpini wa ufagio uulaze kwenye reli yake kwa ndani, hautafunguka kwa nje. Komeo likiharibika, mwandikie mwenye nyumba na ubaki na nakala ya ulichoandika. Usibadilishe kufuli bila kumwambia.

Nyumbani tulizoea kuweka nondo madirishani. Hapa uwe mwangalifu. Nondo zisizofunguka kwa ndani zinaweza kuwafungia watoto wako ndani ya moto. Vivyo hivyo kufuli linalohitaji ufunguo ili mtu atoke. Zuia mwizi, lakini usijizuie kutoka.

Mtu akigonga, chungulia kwanza, uliza yeye ni nani, ndipo uamue. Akisema ametoka kampuni ya umeme, hulazimiki kumfungulia. Piga simu kwa namba iliyo kwenye bili yako uulize kama wamemtuma. Watoto nao wafundishwe hivyo hivyo.

Na jirani? Kambini jirani ndiye aliyekuwa mlinzi wetu. Hapa watu hufunga milango yao, lakini salamu ya kila asubuhi huifungua kidogo kidogo. Ukisafiri, mwombe jirani unayemwamini akuchukulie barua na mizigo, isirundikane mlangoni. Picha za safari usiziweke kwenye simu watu wakaziona mpaka umerudi.

La pili, weka karatasi na fedha mahali salama. Nakili kila karatasi, na nakala moja uiweke nje ya nyumba, kwa ndugu wa kuaminika. Kadi ya Social Security usitembee nayo. Ukishaijua namba yako, kadi ibaki imefichwa. Kadi ya kijani ni tofauti: mwenye miaka 18 au zaidi anatakiwa na sheria kuwa nayo, kwa hiyo nakala yake ndiyo ibaki nyumbani. Fedha zisikae chini ya godoro. Benki iliyo chini ya bima ya FDIC hulinda akiba ya mteja hadi dola 250,000 hata benki ikianguka. Godoro halina bima.

Uliza pia kuhusu bima ya mpangaji. Bima ya mwenye nyumba ni ya jengo lake, haihusu vitu vyako. Kabla ya kutia sahihi, uliza ni kiasi gani utalipa mwenyewe kwanza ukiibiwa, ndipo wao walipe. Na piga picha vitu vyako vya thamani, pamoja na namba zilizoandikwa nyuma yake.

La tatu ndilo lililonifanya nisimame hapa: ukiibiwa, usinyamaze. Ukirudi ukakuta mlango umevunjwa, usiingie. Mwizi anaweza kuwa bado yumo. Rudi nyuma, nenda mahali salama, piga 911. Simu hiyo ni bure. Kama Kiingereza hakitoshi, sema neno moja, «Swahili», kisha usikate simu. Subiri watafute mkalimani. Anwani yako ijulikane na kila mtu nyumbani, hata watoto.

Usimfukuze mwizi. Kwetu mtu akipiga kelele «Mwizi!» mtaa mzima hutoka. Hapa anayempiga mwizi aliyekwisha kukimbia anaweza kukamatwa yeye. Polisi wakifika, mikono yako ionekane mitupu: si panga, si rungu, wala simu usiielekeze kwao.

Omba namba ya ripoti ya polisi, uiandike. Kampuni ya bima itaitaka, na itakusaidia unapoeleza jinsi karatasi zako zilivyopotea. Siku hiyo hiyo mwambie mfanyakazi wa shirika anayeshughulikia familia yako. Kama namba ya Social Security imeibiwa, wasiliana na kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, uziombe zifunge rekodi yako. Ikifungwa, ni vigumu mtu kupata mkopo mpya kwa jina lako. Tangu 2018 huduma hiyo ni bure. Mimi ningeifanya siku ile ya kwanza, mke wangu asingepata barua ya deni asilolijua.

Kuibiwa si kosa. Hakukuondolei haki yako ya kuishi hapa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliificha aibu yangu wiki tatu, na kuisafisha kulinichukua karibu mwaka mzima.

Siku hizi kila Jumapili, kabla hatujatoka, narudi jikoni kuangalia lile dirisha. Watoto wananicheka. Wacheke tu. Leo mkifika nyumbani, nanyi angalieni la kwenu.