Ploti Hii Haiuzwi

Ukipita Kanja, Runyenjes au mjini Embu utaona kuta na mabati yaliyopakwa rangi kwa maneno machache: PLOTI INAUZWA, na chini yake nambari ya simu. Ukisonga mbele kidogo utakuta mengine: PLOTI HII HAIUZWI. Aliyeandika la kwanza anatafuta mnunuzi. Aliyeandika la pili anajihami, kwa kuwa anajua kuna mtu anayeweza kuiuza ardhi hiyo huku mwenyewe yuko kazini Nairobi au Mombasa, hana habari.

Leo nataka tulizungumzie neno hilo, ploti. Tumelipokea kutoka kwa Kiingereza, tukalipa kazi nyingi, na sasa wauzaji wa ardhi wanautumia wingi huo wa maana kuwanyang'anya watu wetu pesa za kahawa, za majani chai na za makadamia.

Tuanze na lilikotoka. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana moja ya kawaida: kipande kidogo cha ardhi. Wataalamu wa lugha wamechimba asili yake zaidi ya hapo wasiipate. Miaka mingi baadaye, kufikia karne ya 16, lilikuwa pia jina la mchoro wa ardhi, yaani ramani ya mahali. Mwenye mchoro ana mpango, na mpango unaweza kuwa wa siri. Kifaransa kilikuwa na neno lake la njama, complot, na inaelekea hilo ndilo lililolivuta la Kiingereza likaanza kumaanisha njama. Tarehe 5 Novemba 1605, Guy Fawkes alikamatwa chini ya Bunge la Uingereza akiwa na mapipa ya baruti, na hadi leo Waingereza huliita tukio lile kwa neno hilo hilo. Katika karne ya 17 waandishi nao wakalichukua wakataja kwalo mpangilio wa matukio katika hadithi. Ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma riwaya anaulizwa afafanue ploti, au msuko, naye hajiulizi neno hilo lina undugu gani na ile ploti ambayo baba yake anailipia polepole.

Kwetu neno limepita njia yake. Ukienda kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Embu, ploti ni kijisehemu cha shamba kilichopimwa, kinachopandwa mahindi ya aina moja ili yalinganishwe na ya jirani yake. Kijana akikuuliza Ijumaa jioni "ploti ni gani?", anataka kujua mnakwenda wapi kujiburudisha. Hata Watanzania, ambao wao husema kiwanja pale tunaposema ploti, wamekipeleka kiwanja huko huko kwenye starehe.

Halafu kuna ile ploti ya kukaa. Vyumba kumi au kumi na vinane vimepangana, bomba la maji ni moja, kamba za nguo zinakatiza uani, na keateka hugonga milango tarehe tano kudai kodi. Watu waliokutana pale wakiwa wageni huja kuitana "jirani yangu wa ploti" hata baada ya kuhama. Mimi naiheshimu sana maana hii. Walimu wapya, wauguzi, vibarua na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu wameanzia maisha humo, na ni humo mama mmoja hulea mtoto wa mwenzake aliyeenda kazi ya usiku. Hakuna Mwingereza aliyetuletea maana hiyo; tumeitengeneza sisi.

Lakini maana iliyo nzito kuliko zote ni ile ya ardhi yenyewe, na hapo lazima turudi nyuma kidogo.

Wazee wetu wa Embu hawakuwa na ploti. Walikuwa na mugunda, shamba la kulimwa, na nyuma ya mugunda kulikuwa na muviriga, yaani ukoo, uliojua nani analima wapi na kwa haki gani. Familia moja iliweza kuwa na kipande huku juu kwenye ubaridi, kingine kule chini kwenye joto, ili mazao ya upande mmoja yakikosa ya upande wa pili yawepo. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilitoa mpango uliopewa jina la ofisa wa kilimo, Roger Swynnerton. Mpango huo ulitaka vipande hivyo vikusanywe kuwa shamba moja, lipimwe, liandikishwe kwa jina la mtu mmoja na apewe hati. Uliwafungulia pia Waafrika mlango wa mazao ya biashara. Kwa kahawa, Embu na Meru zilikuwa zimetangulia pamoja na Kisii tangu miaka ya 1930, japo kwa masharti makali.

Ndipo majina ya vijiji vyetu yalipoingia kwenye daftari la ardhi. Hati nyingi za huku zinaandikwa Kagaari/Kanja, kisha nambari. Tazama vizuri hati ya babu yako: humo hamna neno ploti. Ploti ilikuwa neno la sokoni. Baraza la kaunti la zamani liligawa viwanja vya maduka, mtu akapewa barua ya ugawaji, akalipa kodi kila mwaka. Shamba lilikuwa shamba, ploti ilikuwa duka.

Sasa mpaka huo umefutika. Baba anafariki, wana watano wanagawana eka mbili, mmoja anauza sehemu yake, na aliyenunua anaikata hamsini kwa mia. Futi 50 kwa futi 100 ni futi za mraba 5,000. Eka ina futi za mraba 43,560. Ukishatoa barabara za kuingilia, eka moja ya kahawa inakuwa ploti saba au nane. Mikahawa iliyowasomesha watu inang'olewa, na pahali pake panasimikwa bikoni za mipaka. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 68, iliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Sheria hiyo hatujaiona mpaka leo, na mimi nasema waziwazi kwamba huku kuchelewa ni kosa kubwa dhidi ya watoto wetu.

Katika kukatakata huku ndimo njama inamopenyea. Mtu anakuambia, "Nina ploti." Ana nini hasa? Huenda ana hati miliki. Huenda ana barua ya ugawaji tu. Huenda ana cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, au karatasi waliyoandikiana na muuzaji mbele ya mzee wa kijiji. Vyote hivyo huitwa ploti, na vyote huuzwa. Mbele ya sheria haviko sawa hata kidogo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises, ilisema barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki wa kuuza. Mwaka huo huo, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema hata hati miliki haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kwa njia isiyo halali tangu mwanzo. Na Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilishatueleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kote nchini.

Kwa hiyo wewe unayeweka akiba ya kununua ploti Kanja, au unayetumiwa picha za ploti kwa simu ukiwa Qatar au Saudi Arabia, nakuomba usitoe hata shilingi ya kwanza kabla ya kuuliza: ploti hii ni ya hati, ya barua, au ya cheti? Nenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ufanyiwe upekuzi rasmi kwa nambari ya hati. Mchukue mpimaji mwenye leseni aende na ramani, aangalie kama bikoni ziko zinapopaswa kuwa. Waulize majirani, maana wao ndio wanaojua kama kuna kesi ya familia. Hakikisha mke au mume wa muuzaji amekubali. Na kama ni ardhi ya kilimo, lazima Bodi ya Kudhibiti Ardhi itoe idhini, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mlipoandikiana. Bila idhini hiyo, kisheria mauzo ni batili.