Programu ya Hesabu Inapoachwa na Watengenezaji Wake
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika na makatibu wa vyama vya msingi, Kiwangwa)



Wengi wenu mmeniuliza kwa nini chama kimlipe fundi kubadili programu ya hesabu ambayo bado inafanya kazi. Mimi nami nilikuwa na shaka hiyo hiyo.

Programu nilizozikuta katika ukaguzi zimeandikwa kwa lugha iitwayo PHP, na seva tunayopanga haina budi kuwa na kifasiri cha lugha hiyo. Toleo la 7.4 lilitoka Novemba 2019; watengenezaji wake wakaacha kulirekebisha tarehe 28 Novemba 2022. Waliotumia seva za Ubuntu 20.04 waliendelea kupata marekebisho ya kawaida hadi mwaka 2025, na muda huo nao umekwisha. Mashine ya kusaga ikikosa vipuri husimama, kila mtu akajua. Programu haisimami. Huendelea kutoa stakabadhi huku mianya inayogunduliwa na wezi ikibaki wazi, na daftari la hisa limo humo ndani.

Kuhama nako kuna adha yake. Katika chama kimoja cha wakulima wa mananasi, wenye seva walihamia toleo la 8 usiku wa kuamkia siku ya malipo. Asubuhi orodha ikagoma. Sababu ilikuwa ndogo ya kuudhi: mkulima asiyekuwa na makato, karani alikiacha wazi kisanduku chake. Toleo la 7.4 lilikihesabu kuwa sifuri. La 8 hukataa kutoa kisicho namba katika namba, likasimama. Wakulima walikaa chini ya mwembe hadi alasiri. Waliolipwa siku ile walilipwa kwa daftari la karatasi, ambalo karani, Mungu ambariki, hakuwa amelitupa.

Kwa hiyo maandishi asilia ya programu yakae kabatini mwa chama, pamoja na nakala ya hesabu zote. Nimekuta chama kisichokuwa nayo, na fundi aliyeyaandika amekwisha hama. Fundi alijaribu toleo jipya kwenye kompyuta ya pembeni kwa orodha ya malipo ya msimu uliopita. Jumla zikilingana hadi shilingi ya mwisho, ndipo seva ihamishwe, tena isiwe wiki ya malipo. Gharama yake iingie katika makisio yatakayopelekwa mbele ya mkutano mkuu, kama tunavyoingiza ukarabati wa ghala.