HURUMA YA MTOTO MDOGO
Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, Buyenzi, Bujumbura





Nimeombwa kusema maneno machache juu ya malezi. Walionitangulia wamekwisha kutaja adabu, chuo na utii. Mimi nitashika jambo moja dogo, ambalo aghalabu twalicheka na kulipita. Nalo ni huruma ya mtoto mdogo, yaani namna yake ya kuuona uchungu wa mwenziwe na kutaka kuuondoa kwa akili yake changa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mama yangu alipofariki, nyumba yetu ilijaa watu wa matanga. Nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wazee, machozi yakinitoka. Mwanangu wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa hajatimiza miaka miwili, alikuja akikokota kitambaa chake cha kulalia, asichokubali kifuliwe, maana bila ya harufu ile hapati usingizi. Akasimama baina ya magoti yangu, akanitazama, akanifuta uso mzima kwa kitambaa kile chenye kunuka mkojo na maziwa. Kisha akanitia pembe yake kinywani, ati nami ninyonye.

Watu wakacheka msibani. Nami kwa haya nikamsukuma kando, nikaamuru achukuliwe ndani. Hakulia. Alikikusanya kitambaa chake, akaenda zake kimya. Tangu siku ile, kwa muda wa miezi mingi, kila aliponiona nimekunja uso alijificha nyuma ya mlango.

Ndugu zangu, mtoto yule alinipa nini? Alinipa mali yake yote. Hakuwa na kitu kingine duniani kilichomtuliza yeye, basi akadhani kitanituliza na mimi. Nami nilimfundisha, bila ya kutamka neno, kwamba mtu akilia usimkaribie.

Baadaye nilikumbuka kisa cha Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, ambacho masheikh wetu wamekisoma katika Bukhari na Muslim. Mtoto huyo alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkuta na huzuni. Hakumwambia kwamba ndege ni kitu kidogo. Alimwita kwa kuniya yake, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari za ndege wake kwa maneno ya upole yenye vina, ya kumchangamsha. Mwanachuoni Ibn al-Qass alitoa katika hadithi hiyo fupi mafunzo zaidi ya 60. Mimi nalitaka moja tu: huzuni ya mtoto yastahili kuulizwa hali.

Na elimu ya siku hizi yatuonyesha jinsi huruma hiyo ikuavyo kwa daraja. Wachunguzi wameona kwamba hata mtoto mchanga, asikiapo kilio cha mtoto mwingine, naye huanza kulia. Mwaka 1997, Betty Repacholi na Alison Gopnik wa California, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa miezi 14 na wa miezi 18. Mbele ya mtoto ziliwekwa bakuli mbili, moja ya biskuti na moja ya mboga mbichi. Mama mmoja akaonja, akajifanya kuifurahia mboga na kuchukizwa na biskuti, kisha akanyosha mkono aombe. Wale wa miezi 14 walimpa biskuti, kwa kuwa wao wenyewe waipenda. Wa miezi 18 walio wengi walimpa mboga, ijapokuwa wao hawaitaki. Katika miezi hiyo michache mtoto amekwisha kujua kwamba moyo wa mwenziwe si moyo wake. Wako watu wazima wenye ndevu wasiolijua hilo!

Lakini mche huu huhitaji maji. Siku moja nilipolala na homa, nilimwita mwanangu, nikamwomba kitambaa chake. Alinitazama kwa shaka kitambo kirefu. Kisha akakileta, akanifunika nacho hadi puani, akaketi kando ya kitanda akinilinda. Sikucheka, wala sikuondoa harufu ile usoni pangu hata nikapata usingizi.

Alipofikia miaka mitano, jirani yetu alifariki. Nilirudi mazikoni nimeinamisha kichwa. Mtoto akatoweka, akarejea akibeba kwa mikono miwili kikombe cha kahawa chungu isiyo na sukari, nusu yake imemwagika njiani. Yeye kahawa hiyo huitema akiionja. Aliileta kwa sababu mimi ndiye niipendaye.

Kwa hiyo, enyi wazazi, nawaombeni mambo matatu. Mtoto akuletapo faraja yake, hata ikiwa ni andazi lililokwisha tafunwa, ipokee na umshukuru. Ukitaka kucheka, cheka akishaondoka. Akihuzunika, mwulize, wala usimwambie kwamba si kitu. Na mtoto wa kiume akilia, usimwambie kwamba mwanamume halii, maana Mtume wetu mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Wahenga walisema, udongo uwahi uli maji. Siku moja sisi ndio tutakaolala kitandani, dhaifu, tukingoja mkono wa kutufuta uso. Mkono huo twaufundisha leo, ama kuja, ama kujificha nyuma ya mlango.

Mwenyezi Mungu awalee watoto wetu katika huruma, nasi atusamehe pale tulipowasukuma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.