Chanya Ikifungwa Ardhini: Umeme wa Minara ya Simu na Ruta za Mitaani
Nakala ya mada iliyotolewa kwa wakazi, wenye vibanda vya saiba na mafundi wa umeme



Stima inapopotea usiku, taa za nyumbani huzimika lakini simu huendelea kushika mtandao. Sababu iko chini ya mnara, ndani ya kabati la chuma. Mitambo mingi ya mnara haitumii moja kwa moja ule umeme wa volti 240 unaoletwa na nguzo. Umeme huo hubadilishwa kwanza uwe wa mkondo mnyoofu, yaani ule wa betri, wenye upande wa chanya na upande wa hasi usiobadilika. Betri zimeungwa sambamba na mtambo wa kubadilisha, kwa hiyo stima ikikatika betri huchukua mzigo papo hapo. Mpigaji simu hajui lolote.

Kiwango cha kawaida katika makabati hayo ni volti 48, na mbele ya namba hiyo pameandikwa alama ya kutoa: −48V. Fundi aliyezoea magari huipita alama hiyo bila kuitazama mara mbili, na hapo ndipo vifaa vya maelfu ya shilingi huungulia. Katika gari la siku hizi, upande wa hasi wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Katika kabati la simu ni kinyume: chanya ndiyo iliyofungwa kwenye fremu na ardhini, na hasi ndiyo yenye moto.

Mpango huo ulianza zama za simu za waya. Nyaya za shaba zilizikwa chini ya barabara maili kwa maili, na hakuna waya uliozikwa unaobaki mkavu daima. Umeme ukitoka kwenye shaba kuingia udongo wenye maji, hubeba shaba kidogo kidogo, na waya hulika mpaka ukatike. Umeme ukitoka udongoni kuingia kwenye shaba, shaba hubaki salama. Wajenzi wa vituo vya simu wakafunga chanya ardhini, ili waya uliozikwa uwe upande wa hasi na usilike. Leo mnara unazungumza kwa mawimbi ya redio na nyuzi za kioo, ambazo hazina shaba ya kulika, lakini desturi imebaki kwa sababu mitambo, betri na mafundi wote walikwisha kupangwa hivyo.

Namba 48 nayo ina hesabu yake. Seli moja ya betri ya risasi na asidi ina volti 2, na seli 24 zikipangwa mfululizo hutoa 48. Ni sawa na betri nne za volti 12. Zikiwa zinachajiwa, mita husoma karibu 54, na hiyo si hitilafu. Mzigo wa wati 480 huvuta ampea 10 kwa volti 48, lakini kwa volti 12 ungevuta ampea 40 na kudai nyaya nene zaidi.

Sasa rangi. Katika nyaya za stima za nyumbani, kahawia ndiyo yenye moto, buluu ndiyo ya kurudisha, na ya kijani na manjano ni ya ardhini, ile mafundi wanayoiita athi. Katika makabati mengi ya simu, waya wa buluu ndio unaobeba −48, na mweusi ndio wa kurudisha. Kwingine mwekundu ndio wa hasi. Fundi hodari wa nyumba akifungua kabati kama hilo na kuamini macho yake, ataushika waya wenye moto akidhani ni mtulivu. Rangi iachwe iseme la mwisho, baada ya mita. Waya mweusi wa mita uguse fremu, mwekundu uguse waya unaochunguzwa. Ikisomeka hasi 48 hadi 54, huo ndio wenye moto, hata ungekuwa wa zambarau.

Kosa baya kuliko yote huanza kwa nia njema. Kituo kina betri nne za volti 12 zilizopangwa mfululizo, na kuna redio ya mawasiliano ya volti 12 iliyotolewa kwenye gari. Mtu anafikiri: kwa nini anunue betri nyingine na hizi zipo? Anachomoa nyaya mbili kutoka kwenye betri ya mwisho, ile ya upande wa hasi. Kwa mita, redio inapata volti 12 zake sawasawa, inawaka na inasikika. Kisha anaikaza kwa skrubu kwenye fremu ya kabati. Bodi ya redio imeungwa na hasi yake, na hasi hiyo iko volti 48 chini ya fremu. Skrubu ikigusa tu, betri zote nne zimeunganishwa chanya kwa hasi kupitia mwili wa redio. Akichomoa kwenye betri ya kwanza badala ya ya mwisho, atakuwa ameipiga shoti betri moja tu. Nafuu hiyo ni ndogo. Hata asipokaza skrubu, ganda la waya wa antena litafanya kazi ileile siku litakapogusa mnara.

Dawa ni kigeuzi cha kushusha volti 48 kuwa 12 ambacho nyaya za kuingia na za kutoka hazijaungana ndani yake. Vipo vya bei rahisi ambavyo hasi ya kuingia na hasi ya kutoka ni waya mmoja. Hivyo vinafaa kwenye lori, havifai kwenye kabati lenye chanya ardhini.

Wapo wanaosema volti 48 haziui, basi ya nini hofu? Ni kweli kwamba mkono mkavu ukigusa 48 mara nyingi hausikii kitu. Lakini betri kubwa ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na spana iliyolala juu ya vichwa viwili vya betri hugeuka nyekundu kama chuma cha mhunzi. Pete na saa za chuma zivuliwe kabla ya kufungua kabati. Tena cheche za mkondo mnyoofu hazizimiki kirahisi. Umeme wa stima hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche hupata nafasi ya kufa. Wa betri haupumziki. Ndiyo maana fyuzi na swichi za kabati hili lazima ziwe zimeandikwa kwamba ni za mkondo mnyoofu.

Mwenye saiba au duka asidhani hayo ni ya minara peke yake. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, na kwenye kibandiko cha adapta kuna mchoro mdogo wa duara na kitone katikati. Mara nyingi katikati ni chanya, lakini si daima. Anayeiunga ruta na betri ya sola ausome mchoro huo kwanza, na akumbuke kwamba betri ya volti 12 ikichajiwa hufika 14 na zaidi, kiasi ambacho baadhi ya ruta hazistahimili. Fyuzi ndogo iwekwe karibu na betri, si karibu na ruta, kwa maana waya ukichubuka katikati ni betri inayoweza kuuchoma.

Limebaki suala la ardhi yenyewe, na wakazi wa maeneo ya radi nyingi kama Kisii na Kakamega wanalifahamu kwa hasara. Mtu huchimbia fito ya shaba chini ya mlingoti wa antena na kuona amemaliza. Nyumba nayo ina fito yake upande wa pili. Radi ikipiga karibu, udongo wa hapa na wa pale haupandi volti sawa, na tofauti yao huweza kuwa maelfu. Kama fito hizo hazijaunganishwa, njia iliyopo kati yake ni waya wa mtandao unaotoka kwenye mlingoti hadi ndani, na katikati ya njia hiyo iko ruta. Fito zote za jengo moja ziunganishwe kwa waya mnene wa shaba, ulio mfupi na usio na mikunjo mikali.

Waya huohuo wa shaba ndio unaokatwa usiku na kuuzwa kama chuma chakavu. Mnara uliokatwa waya wa ardhini hauzimiki siku hiyo, na ndiyo maana wengi huuona wizi huo kuwa mdogo. Unaendelea kufanya kazi wiki au mwezi, hadi mvua ya radi. Hapo mitambo ikiungua, zahanati haiwezi kupiga simu ya kuita ambulensi, na M-Pesa ya soko zima husimama. Mkazi anayeona waya umekatwa chini ya mnara asiuguse wala kujaribu kuufunga. Atoe taarifa kwa chifu au kituo cha polisi, na ampigie mwenye mnara. Mara nyingi namba ya simu iko kwenye kibao cha lango, pamoja na namba ya mnara wenyewe, ambayo ndiyo wataanza kumuuliza.