Mtihani Nilioanguka
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Peramiho)



 Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya "mafanikio ya mwenzetu aliyeko Marekani". Namwomba Katibu anisamehe. Mafanikio ni hadithi fupi, na msikilizaji hupata kidogo sana ndani yake. Mimi nataka kuzungumza juu ya mtihani nilioanguka, na namna mwenzetu mmoja wa bweni letu alivyonifundisha kuushinda, ingawa wakati huo alikuwa amekwisha fariki miaka mingi.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni muuguzi. Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1984, nikasomea uuguzi humu humu nchini, nikafanya kazi miaka kadhaa, na mwaka 1999 nikahamia Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako Waafrika ya Mashariki ni wengi na baridi ni kali kuliko wao. Kule nikafanya kazi katika wodi za wagonjwa wa akili. Nilipokaribia umri ambao wenzangu wanaanza kuhesabu siku za kustaafu, mimi nikarudi darasani.

Kule kuna daraja la muuguzi mtaalamu wa magonjwa ya akili ambaye anaruhusiwa kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kumfuatilia. Huyu si msaidizi wa daktari. Katika Minnesota, tangu sheria iliyoanza kutumika mwaka 2015, akishatimiza muda wa kufanya kazi pamoja na wenye uzoefu, anaweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe. Basi mnaweza kufikiri kwamba hawampi mtu kalamu hiyo hivi hivi. Lazima uwe muuguzi aliyesajiliwa, uwe na shahada ya uzamili, uwe umefanya mazoezi na wagonjwa chini ya usimamizi kwa mamia ya saa, kisha ukae katika mtihani wa taifa. Nilipoufanya mimi ulikuwa na maswali 175 ya kujibiwa kwa saa tatu na nusu mbele ya kompyuta. Katika hayo, 25 hayahesabiwi, yanajaribiwa tu. Lakini huambiwi ni yapi, kwa hiyo unayatolea jasho yote sawasawa. Alama ya kufaulu ni 350 katika 500.

Nilijiandaa kama tulivyojiandaa hapa. Wazee wenzangu mtakumbuka: taa zikizimwa, chemli inawashwa chini ya kitanda, na mtu anakariri mpaka asubuhi. Nilikata vipande vya karatasi ngumu, upande mmoja jina la dawa, upande wa pili kipimo chake na madhara yake. Nilikuwa navyo mfukoni kazini, navyo jikoni, navyo kanisani, Mungu anisamehe. Mke wangu akawa ananiuliza madhara ya haloperidoli huku anageuza ugali. Nikawa namjibu bila kosa.

Januari 2022, theluji imefika magotini, nikaenda kufanya mtihani. Nikapata 331.

Vijana, mimi nilikuwa na miaka 55. Nilikaa ndani ya gari langu nisiweze kuliwasha. Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba nakwenda kwenye mtihani. Ukianguka ukiwa na miaka 16 unalia, na mama anakupikia. Ukianguka na mvi kichwani unarudi nyumbani, wajukuu wanakutazama, nawe unasema barabara ilikuwa na msongamano.

Utaratibu ulinitaka ningoje siku 60 kabla ya kurudia. Walinipa karatasi inayoonyesha sehemu nilizofanya vizuri na sehemu nilizofanya vibaya. Dawa, vizuri sana. Kumpima mgonjwa na kutambua ugonjwa, vibaya. Sikuamini. Mimi, niliyekaa na wagonjwa miaka yote ile!

Tulikuwa na kikundi cha kusoma kwa simu kila Jumamosi usiku, Waafrika sita. Kati yetu alikuwamo mama mmoja Mkenya, muuguzi wa siku nyingi, mpole lakini haachi neno lipite. Usiku ule tulikuwa tunajibu swali la mazoezi. Nitawapa mfano unaofanana nalo, nilioutunga mwenyewe, maana maswali ya mtihani wenyewe tunaahidi kutoyatoa.

Kijana wa miaka 19 analetwa na mama yake. Kwa siku nane analala saa mbili tu, wala hachoki. Anasema haraka haraka, anaruka toka jambo hili hadi lile, amegawa fedha na nguo zake. Mwaka uliopita alikaa miezi mitatu akiwa hana raha, analia, hataki kula. Je, utafanya nini kwanza? Majibu ni manne: umpe litiamu, umpe dawa ya usingizi arudi nyumbani, umwambie mama ni ujana utapita, au uhakikishe usalama wake, uulize juu ya pombe na dawa anazotumia, na umpime mwili.

Mimi nikajibu upesi: litiamu. Ugonjwa wenyewe nilikuwa nimeutambua: ugonjwa wa hisia mseto, ule unaompandisha mtu juu na kumshusha chini.

Yule mama akanyamaza kidogo, akasema, "Ndugu yangu, dawa yako huenda ni nzuri. Lakini swali limeuliza *kwanza*. Wewe unatoa dawa kabla hujamwona mtu."

Nikakata simu, nikabaki nimekaa gizani. Maana kijana yule wa kwenye swali nilikuwa namfahamu.

Ilikuwa mwaka 1983, kidato cha tatu, muhula wa pili. Jina lake sitalitaja, na wale wa darasa letu nawaomba msilitaje. Alikuwa hodari wa hesabu na mlinda mlango wetu. Ghafla akaacha kulala. Usiku kucha anasema, anaimba, anaeleza namna atakavyojenga kiwanda cha kusaga mahindi ya Songea yote. Mwanzoni tulifurahi, alikuwa mchekeshaji. Akagawa shati lake jeupe, akagawa blanketi. Mimi ndiye niliyepewa blanketi. Nililipokea nikalala nalo, kwa sababu Juni hapa ni baridi, nanyi mnaijua.

Siku ya tano au ya sita akawa mkali. Wengine wakasema amevuta bangi. Wengine wakasema ni mahoka ya kwao yanamdai. Wengine wakasema anaogopa mitihani, anajifanya. Sisi wanafunzi wa bweni tukamkamata, tukamfunga kwa kamba ya kuanikia nguo, na baadhi yetu tukacheka. Asubuhi ndugu zake wakaitwa wakamchukua. Hakurudi. Baadaye tulisikia amepelekwa kwa mganga huku na mganga kule; mara yuko vizuri analima, mara amejifungia ndani hasemi na mtu. Mwaka 1991 alijiua.

Katika hadithi ile yote, ndugu zangu, hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza swali. Tulikuwa na majibu manne, na yote manne yalikuwa ya haraka.

Basi nikaanza kusoma upya. Vipande vyangu vya karatasi niliviweka kando, nikachukua daftari, na kwa kila ugonjwa nikaandika habari za mtu. Kama sikumjua mtu mwenye ugonjwa huo, nilimtafuta katika kumbukumbu zangu za kazi mpaka nikampata. Na kwa kila mtu nikajiuliza maswali kwa mpango ule ule: Yuko salama? Wengine wako salama kwake? Mwili wake unaumwa nini? Anatumia nini? Jambo hili lilianza lini? Nani anaishi naye? Dawa ikaja mwisho.

Kumpima mwili si jambo la kupoteza wakati. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aseme maneno yasiyoeleweka. Tezi ya shingoni, ile inayovimba ikaitwa goita, ikifanya kazi kupita kiasi humnyima mtu usingizi na kumfanya ahangaike. Kadhalika jeraha la kichwa, virusi vya UKIMWI, na pombe iliyoachwa ghafla na mtu aliyeizoea. Ukimwita mtu kichaa kabla ya kumpima, unaweza kumfunga kamba mgonjwa wa malaria.

Hata litiamu niliisoma upya. Daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949. Aliwapa wagonjwa kumi waliopanda kama alivyopanda mwenzetu, nao wakatulia. Ni dawa ya ajabu. Mpaka leo hatujapata nyingi zinazoishinda kwa kuzuia watu wa ugonjwa huu wasijiue. Lakini mgonjwa wa kwanza kabisa wa Cade baadaye alikufa kwa sumu ya dawa hiyo hiyo. Nafasi kati ya dawa na sumu ni nyembamba: kiasi kinachotakiwa katika damu ni kama 0.6 hadi 1.2, na kikifika 1.5 hatari imeanza. Mtu akitoka jasho jingi, akiharisha, au akimeza baadhi ya dawa za maumivu, kiasi kinapanda. Hapo nilimwona mwenzetu tena, jembe mkononi, jua la saa sita, hana maji. Nani angempima damu? Nani angemwambia anywe maji? Ndipo nilipoelewa kwa nini mtihani haukutaka jina la dawa tu. Kuandika jina la dawa ni kazi ya dakika moja. Kumjua atakayeimeza ndiyo taaluma.

Jambo jingine nililojifunza nawaachia kama lilivyo. Watu wengi huogopa kumwuliza mtu mwenye huzuni kama anafikiria kujiua, wakidhani watampa wazo hilo. Si kweli. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba swali hilo halimtii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kupumua. Uliza kwa maneno ya wazi na kwa upole, kisha usimwache peke yake.

Mwezi Mei 2022 nikarudia mtihani. Sikujibu upesi. Kila swali nilimweka mtu ndani yake, nikamtazama kwanza. Saa ilibaki na dakika chache tu nilipofika swali la 175. Karatasi ya waliofaulu haina alama. Imeandikwa neno moja tu. Nililisoma mara nyingi.

Nilipofika Peramiho safari hii, kabla ya kuja shuleni, nilikwenda kumsalimu mama yake yule mwenzetu. Ni bibi sasa, haoni vizuri, lakini alinitambua kwa sauti. Amenipa ruhusa niyaseme haya, mradi jina lisitajwe. Nilimpa pole iliyochelewa. Nikamwambia habari za kamba, na kwamba mkono wangu ulikuwamo. Nikamwambia habari za blanketi. Kisha nikamweleza kwamba mwanawe alikuwa na ugonjwa, ugonjwa wenye jina, unaoanza mara nyingi katika ujana, na wenye dawa.

Alikaa kimya muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, si mimi niliyemlea vibaya?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

Akasema, "Miaka yote hii." Hakuongeza neno. Ndugu Mwenyekiti, huo ndio mtihani wangu wa tatu, nami sijui nilipata alama ngapi.

Sasa nanyi vijana. Someni, lakini msikariri kama kasuku. Soma swali mpaka mwisho. Neno dogo kama "kwanza" linaweza kumwangusha mtu mzima. Lala usingizi kabla ya mtihani, maana ubongo usiolala hausomi. Na mwenzenu akibadilika, akiacha kulala, akigawa vitu vyake, akijitenga, akisema maisha hayana maana, msimcheke wala msingoje siku ya sita. Kaa naye, mwulize, mwambie mwalimu, apelekwe hospitali. Hospitali iko hapa hapa Peramiho. Sisi tuliipita tukiwa tumeshika kamba.

Na sisi wazee wa Umoja huu, kila mwaka tunachangia rangi ya madarasa na mipira. Ni vizuri. Naomba mwaka huu tuchangie pia nauli na ada ya kijana mmoja au wawili kati ya hawa, watakaokubali kusomea uuguzi wa afya ya akili hapa nchini, kwa ahadi ya kurudi kufanya kazi Ruvuma. Mirembe iko Dodoma, na kutoka hapa hadi Dodoma ni mbali kwa mtu mzima, sembuse kwa mgonjwa. Mimi nimeanza kwa kumkabidhi Mweka Hazina kiasi changu asubuhi hii. Na blanketi nimenunua jipya, liko ofisini kwa Mwalimu wa Bweni. Atakayelihitaji apewe.