KICHWA KIKIUMA, TAZAMA KWANZA CHANZO CHAKE

(Haya ndiyo maneno ya hotuba ya afya iliyoandaliwa kwa ajili ya wenyeji wa Kamakis, katika mji wa Ruiru.)



Neno nililo nalo leo ni la maradhi ambayo hakuna mtu mzima asiyeyajua, nayo ni maumivu ya kichwa. Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba mwaka 2021 watu wapatao bilioni 3.1, yaani karibu watu 40 katika kila 100 walimwenguni, walikuwa na maradhi ya namna hii. Na kwa kuwa ni maradhi ya watu wote, kila mtu amejifanya daktari wake mwenyewe. Kichwa kikiuma, mmoja husema ni malaria, wa pili husema ni presha, na wa tatu humtuma mtoto dukani akalete vidonge viwili. Mara nyingi maumivu hupita, wala hapana madhara. Lakini ziko siku ambazo kichwa huwa kama mjumbe aliyeleta habari ya hatari, na mwenye kumnyamazisha mjumbe kabla ya kumsikiliza huenda akajuta.

Kwanza tujue ni kitu gani kiumacho. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Viumavyo ni utando unaoufunika, mishipa ya damu, na misuli ya kichwa na shingo. Madaktari huyagawa maumivu haya mafungu mawili: yale ambayo ni maradhi yenyewe, na yale yanayoletwa na jambo jingine.

Katika fungu la kwanza, aina inayoonekana zaidi ni maumivu ya mkazo. Mgonjwa huhisi kana kwamba amefungwa utepe kuzunguka kichwa, pande zote mbili, lakini aweza kuendelea na kazi yake. Huletwa na uchovu, wasiwasi, na kukaa mkao mmoja kwa saa nyingi, kama afanyavyo dereva wa matatu katika msongamano wa magari, au karani aliyeinamia simu yake.

Aina ya pili ni kipandauso. Hiki hupiga kama ngoma, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, pamoja na kichefuchefu. Mwanga na kelele humuudhi mgonjwa. Kisipotibiwa hudumu tangu saa 4 hata saa 72. Wengine, kabla ya maumivu, huona vimulimuli au mistari iliyopindapinda mbele ya macho kwa muda usiozidi saa moja. Kipandauso huwapata wanawake kuliko wanaume, na hufuata ukoo. Si uchawi wala si uvivu, na mwenye nacho akijifungia gizani asichekwe. Tena, mwanamke anayeona vimulimuli hivyo amwambie muuguzi kabla ya kupewa vidonge vya kupanga uzazi, kwa maana vile vyenye homoni ya estrojeni huweza kumzidishia hatari ya kiharusi.

Aina ya tatu ni chache, lakini ni kali mno. Maumivu hushika jicho moja na kando yake, jicho likatoa machozi na kuwa jekundu, na pua ya upande huo ikaziba. Hudumu dakika 15 hata saa 3, na huweza kurudi mara kadhaa kwa siku moja. Mwenye maumivu ya namna hii asipoteze fedha zake dukani. Aende kwa daktari, kwani yana matibabu yake.

Sasa natutazame mambo yanayoleta maumivu pasipo mtu kuyadhania. Nchi hii ya Ruiru na Thika ni nchi ya kahawa. Hapa Ruiru ndipo penye kituo cha utafiti kilichotoa aina ya mche iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Basi wajue wanywaji kwamba mtu aliyezoea kahawa nyingi au chai kali kila siku, akiiacha ghafula, kichwa huweza kumwuma kabla siku haijaisha, na maumivu yakaendelea kwa muda wa juma zima. Anayetaka kuacha na apunguze kikombe kimoja kimoja.

Mwendeshaji wa bodaboda aliyevaa kofia ya chuma iliyo ndogo kuliko kichwa chake huumwa mahali inapombana. Asiivue barabarani, bali atafute inayomtosha. Msichana aliyesukwa nywele kwa kukazwa sana huumwa kwa kuvutwa ngozi, na dawa yake ni kulegeza. Mfanyakazi aliyeacha chakula cha asubuhi, mchimbaji aliyekaa juani bila maji, na mtu aliyelala usingizi usio wa kawaida, uwe mchache au mwingi kupita kiasi, wote huweza kushikwa. Na wale wanaofika Kamakis Jumamosi kula nyama choma na kuteremsha kwa pombe hadi usiku wa manane hawahitaji kuulizwa kwa nini Jumapili kichwa kinawauma.

Lakini liko jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya nisimame hapa, nalo ni jiko la makaa. Miezi ya Juni, Julai na Agosti baridi hutushika, na wengi wetu tunakaa vyumba vya kupanga vyenye mlango mmoja na dirisha moja. Jioni watu wakiisha kupika huliingiza jiko ndani, hufunga mlango na dirisha, na kuziba hata upenyo kwa nguo. Husema, moshi umekwisha, makaa yameiva, hapana hatari. Hapo ndipo wanapodanganyika. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo mwili hukosa pumzi huku mtu angali akivuta hewa. Dalili yake ya kwanza, mara nyingi, ni kichwa kuuma. Hufuata kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Kisha huja usingizi, na aliyelala asiamke tena.

Yatambueni maumivu haya kwa alama mbili. Ya kwanza, watu wa nyumba moja huumwa pamoja, wala hawana homa. Ya pili, wakitoka nje hupata nafuu, na wakirudi ndani huumwa tena. Mkiona hivyo, msiulize vidonge. Fungueni mlango, tokeni wote nje, na jirani asaidie kumtoa asiyejiweza. Kisha nendeni hospitali, hata kama nafuu imepatikana. Katika hewa ya kawaida huchukua saa 4 au 5 hivi nusu ya sumu hiyo kutoka katika damu. Kwa oksijeni safi ya hospitali huchukua kama saa moja au moja na nusu. Kumnywesha mgonjwa maziwa hakuitoi sumu hiyo, na aliyezimia huweza kupaliwa nayo akafa. Wala karai la maji lililowekwa chumbani haliivuti hewa hiyo.

Maneno haya yawahusu pia wapishi wa nyama wanaosimama juu ya makaa katika jiko lisilo na njia ya hewa, na mafundi wanaowasha injini ya gari ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa gari una sumu hiyo hiyo.

Jambo la pili la kushangaza ni kwamba dawa ya kichwa yenyewe huweza kukiumiza kichwa. Mtu mwenye maumivu ya mara kwa mara, akimeza vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi katika kila mwezi, au vile vilivyochanganywa dawa kadhaa siku 10 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, huweza kupata maumivu yaletwayo na vidonge. Kila asubuhi kichwa humwuma, humeza, hupoa kidogo, kisha huuma tena. Huyu hasaidiwi kwa kidonge chenye nguvu zaidi, bali kwa kuviacha kwa uongozi wa daktari. Tena, mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya parasetamoli ya miligramu 500 kwa siku moja, maana ini huharibika; na dawa mbili zenye majina mbalimbali huweza kuwa na parasetamoli ndani yake zote mbili. Mtoto asipewe aspirini ila kwa amri ya daktari.

Na wale wanaosema kila kichwa ni malaria, nawajibu hivi: mwenye homa, hasa aliyerudi karibuni kutoka Pwani au kando ya Ziwa, na apimwe damu kwanza, ndipo ameze dawa ya malaria. Na wanaosema kila kichwa ni presha, wajue kwamba presha kwa kawaida haitoi dalili yoyote. Kutokuumwa kichwa si ushahidi kwamba huna presha. Ushahidi ni kupimwa.

Mwisho, ziko dalili ambazo mtu hapaswi kungoja hata kupambazuke:

1. Maumivu makali kupita yote uliyopata kujua, yaliyokuja kwa ghafula kama radi.

2. Maumivu pamoja na homa na shingo kukakamaa, ambayo huweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

3. Maumivu pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, maneno kukwama, kuona vibaya, au kuchanganyikiwa.

4. Maumivu baada ya kuanguka au kugongwa kichwa.

5. Maumivu makali kwa mwanamke mwenye mimba iliyopita majuma 20, au aliyejifungua karibuni, hasa akivimba uso au kuona giza. Huenda kifafa cha mimba kinamkaribia.

6. Maumivu mapya kwa mtu aliyepita miaka 50, au kwa mtu yeyote ambaye maumivu yake yanazidi siku hata siku.

Asiye na dalili hizi, lakini aumwa mara kwa mara, na achukue daftari aandike: siku gani, saa ngapi, alikula nini, alilala saa ngapi, alimeza nini. Baada ya mwezi mmoja daktari atalisoma daftari hilo naye atajua mengi.

Ndugu zangu, mengine mwaweza kuyasahau, lakini hili msilisahau: usiku wa leo, kabla ya kulala, jiko litoke nje.